Mti wa Ukoo Umehama, Mama Mmoja Kaachwa

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha Mama Chaji, yule anayechaji simu na kutengeneza kompyuta. Mguu mmoja wa benchi ni tofali, na mwenyeji hakai upande huo. Mimi namimina kahawa, huku nasikiliza. Siku hiyo Breki, dereva wa lori mstaafu, alikuwa anahamisha mti wa ukoo wake. Ameuandika miaka na miaka kwenye programu ya kompyuta yake kuukuu, inayonguruma kama lori lenyewe. Sasa kaambiwa auhamishie mtandaoni kabla kompyuta haijakata roho. Na mama yake mdogo alikuwa njiani, anakuja kujiona humo. Huyo ndiye aliyemlea Breki mama mzazi alipofariki, na mwenyewe hakujaliwa mtoto wa tumboni.

Mama Chaji: Wameshafika, baba. Babu, bibi, mpaka yule mjomba wako wa meno ya bandia.

Breki: Na mama mdogo?

Mama Chaji: Huyo... simwoni.

Breki: Humwoni vipi? Kule nilimkalisha sawasawa, kando ya mama!

Mama Chaji: Kule uliandika mama wawili. Huku wanapokea mama mmoja. Wa pili kaachwa mlangoni.

Wembe, kinyozi wetu, akashusha kikombe. Huyu methali zake ni kama nguo za mitumba: zipo tele, hazimkai mtu.

Wembe: Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Breki: Samaki kaingiaje hapa?

Wembe: Ungemhamisha mapema, angekunjika. Sasa mzee wa watu kakauka, hapiti kwenye waya.

Breki: Mama yangu hajakauka! Chunga mdomo.

Wembe: Basi kashikiliwa mpakani. Wewe si dereva? Mzigo usio na karatasi unafanywaje?

Breki: Unashushwa. Dah! Kweli unashushwa.

Wembe: Au kapotea njia, kaingia ukoo wa watu. Saa hizi kuna meneja huko ng'ambo kaamka ana mama wawili. Anaulizwa, umekula?

Breki: Na sweta yako iko wapi?

Wembe: Na anaivaa! Meneja mzima, na jua lote hilo!

Tukacheka mpaka benchi likayumba.

Mama Chaji: Naweza kumrudisha, baba. Ila lazima uchague: ni mama wa kambo, au mama wa kuasili?

Breki: Kambo? Baba hakumwoa! Na kuasili ni mambo ya mahakamani. Yeye alikuja na mkoba wake kwapani, akauliza tu, "Mwanangu kalala wapi?" Hakimu alikuwepo?

Mama Chaji: Basi nimweke dada wa mama.

Breki: Na mimi ni nani wake?

Mama Chaji: Kwa hawa? Hakuna mstari kati yenu.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia, marehemu nyanya yangu alikuwa akisema: ukitaka kumtukana mtu bila kutoa tusi, mwite mama yake mdogo "yule ndugu wa mama yako."

Breki: Umesikia, Mama Chaji? Na anakuja kujiona! Nimeshamwahidi!

Wembe: Usiogope. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni kweli akaja, mkongojo mbele. Akakaa pale pale kwenye tofali, tukamdaka wanne.

Mama Mdogo: Ahsanteni, wanangu. Na wewe baba, umekula?

Wembe akapaliwa na kahawa.

Breki: Nimekula, mama.

Mama Mdogo: Haya, nionyesheni. Nimekaaje humo?

Mama Chaji akaigeuza kompyuta yake taratibu, kama anayefunua jeraha.

Mama Chaji: Huyu marehemu dada yako. Chini yake, Breki. Wewe uko hapa pembeni, mama.

Mama Mdogo: Naona. Mbona chini yangu peupe?

Breki: Mama, si mimi. Ni hawa wenye mtandao. Wanasema mtu ana mama mmoja tu.

Mama Mdogo: Mmoja? Hee! Sasa mama zao wakifariki, wao hulelewa na nani?

Nikainamisha birika nimmiminie mgeni, likatoa mashapo.

Ndipo Breki akainuka. Akachukua kalamu nene ya wino, ile ya kuandikia simu za wateja, akachora mstari juu ya kioo: kutoka kwa mama mdogo, ukashuka mpaka kwake.

Mama Chaji: Kioo changu, baba!

Breki: Utafuta.

Mama Chaji hajafuta. Jioni akizima kompyuta, ukoo mzima hutoweka, babu na bibi na mjomba na meno yake. Mstari ule hubaki.