Msifyeke Uwanja Wangu

Sikilizeni, wanangu, na wewe Jackline weka kwanza huo uji, nimeshiba, na kama sijashiba nitakula nikimaliza kusema. Timoth, sogeza kigoda ukae hapa usoni pangu, maana najua masikio yako huwa mazito kila ninapotaja maua. Jana padri alinipaka mafuta ya wagonjwa, nikalala usingizi mtamu, na leo nina nguvu za kuwagawia vyangu na kuwasumbua kidogo.

Vya kugawa si vingi. Shamba la parachichi ni la Timoth, kwa sababu ndiye aliyelipanda na ndiye aliyekonda nalo. Nyumba hii ni ya Jackline, asije akaambiwa na mtu kwamba hana kwao Yakobi. Akichoka kufundisha huko Ludewa arudi, akute kitanda na jiko. Ng'ombe mtakamua kwa zamu Jackline akiwa likizo, na wala msigombane mbele yake, maana mnamjua mwenyewe, akisikia kelele anabana maziwa. Zamda, rafiki yangu anayeuza vitenge Makambako, nina deni lake la chupa ya asali, mpelekeeni na mwambieni nilimpenda. Na shangazi yenu Rosemary, aliyewatangazia wanawake wote wa jumuiya kwamba mimi ni mvivu nafuga nyoka mlangoni, mwambieni nimemsamehe, ila mwambieni mbele ya watu, ili na wao wasikie.

Sasa tuje kwenye maua. Mnajua kwa nini niliyapanda, lakini nitasema tena, kwa sababu mgonjwa hakatizwi. Mwaka ule parachichi zilichanua mpaka tukaanza kuota bati jipya, kisha maua yakapukutika na matunda hayakuonekana. Bwana shamba akaja, akazunguka, akasema miti haina ugonjwa wowote, ila nyuki hawaji, na waje kula nini, wakati bonde zima limefyekwa na kupuliziwa dawa, na parachichi zenyewe huchanua mara moja kwa mwaka? Timoth akaingia ndani amenuna. Mimi nikachukua jembe.

Nilichimbua kando ya njia ya kwenda misheni maua yale ya njano tuliyokuwa tunayavaa kichwani tukiwa wasichana, na yale marefu yenye mafundo ya rangi ya chungwa ambayo ndege chozi hawezi kuyapita, na yale ya zambarau ya kule mlimani kwa mama yangu, yanayochanua wakati wa baridi kali, vitu vingine vyote vikiwa vimejikunyata. Nikitoka Misa na miche imening'inia kwenye kitenge, watu walinisalimia kamwene huku wakiangalia pembeni. Sikujali. Hapana, nilijali, siku moja nililia nyuma ya jiko. Nilipoinua uso nikamwona nyuki kwenye ua la njano, chavua imemjaa miguuni kama mtoto aliyevaa soksi za baba yake, nikacheka peke yangu. Tangu hapo, wanangu, kila asubuhi nilikuwa nakaa juani na kikombe cha chai nikisikiliza uwanja wangu unavyovuma, na nimezeeka kwa furaha ambayo sikuwa nimeitegemea.

Na parachichi zikashika. Hilo hutalikana, Timoth, ingawa hujawahi kulisema kwa sauti.

Basi hofu yangu ni moja, nayo si kifo. Ni Lameki. Lameki jirani yetu ananipenda, jumuiya nzima inanipenda, na hapa kwetu mtu akifa, wanaompenda hufika na mafyekeo kabla hata mwili haujarudi nyumbani, wanausafisha uwanja uwe mweupe, maturubai yafungwe, wageni wasije wakasema marehemu aliishi porini. Hata mimi nimefanya hivyo kwenye misiba ya wengine, kwa mikono yangu hii. Watayafyeka kwa machozi na kwa nyimbo, na ikifika jioni hakuna kitakachobaki cha yote niliyokusanya. Msikilizeni huko nje sasa hivi, fya, fya. Sijafa, na tayari ameanza ukingo wa barabarani. Jana alimwona padri akiingia, akajua kazi imefika.

Kwa hiyo nasema, msifyeke uwanja wangu. Maturubai yafungwe kwa Lameki ng'ambo ya barabara, kwake pametakata mpaka kuku hawana pa kujificha.

Umeinamisha kichwa, Timoth. Sema, baba, usiogope.

"Mama, mtu analiliwa kwake. Watasema wanao tulikosa hata uwanja."

Umesema vizuri, na sitaki uaibike kwa ajili yangu. Basi tufunge maturubai shambani kwako. Kata parachichi za mstari wa mbele tu, patatosha.

Umeona ulivyoruka? Kigoda nusura kianguke. Jackline, umemwona kaka yako? Na mimi naruka hivyo hivyo, baba, humu ndani ya blanketi, kila nikilisikia lile fyekeo. Sikuwa na njia nyingine ya kukueleza.

Cheka, cheka, hata mimi nacheka, ingawa kifua kinanikataza. Ngoja nipumue.

Nimepata. Mfiwa hasogezwi. Tangu nizaliwe sijaona mtu akimwambia mfiwa ainuke pale alipokaa. Siku hiyo, Timoth, weka kiti chako katikati ya maua yangu. Usieleze, usibishane, kaa tu. Watazunguka wenyewe, watafyeka kule nyuma, maturubai watayafunga kando ya zizi, nami nitakuwa nimeliliwa kwangu. Ukiinuka, Jackline akae. Ulanzi wa wageni, pombe yetu ya mianzi, uwekwe mbali na nyuki, maana nyuki na Lameki wote wakishaonja hawasikii la mtu. Na mbegu zikikauka, zikusanyeni, muwape watakaoomba, hata wale waliocheka.

Chukua hicho kigoda, baba, nenda ukajaribu. Nataka nione kwa macho yangu.

Jackline, niinue kidogo. Hapo. Naona dirishani... Anakwenda. Tazama anavyonyanyua miguu, hataki kukanyaga hata moja, kumbe anajua yalipoota. Amekaa. Nyuki wanamzunguka, wala hashtuki. Lameki huyo anamfuata... na fyekeo lake. Anamuuliza kitu. Timoth hajibu, ameinama tu, anajua kukaa mwanangu huyu...

Lameki amevua kofia. Anampa mkono. Masikini, anadhani nimeshakufa.

Usinichekeshe, Jackline mama, nitakohoa. Shika mkono wangu. Mungu awalinde, wewe na kaka yako, awape miaka mingi na jua la asubuhi... wanenu wawacheke kama mlivyonicheka mimi, kwa upendo. Nimewabariki. Nimewabariki wote wawili...

Ameliweka fyekeo chini. Amekaa naye, kwenye maua. Usiwaite, Jackline. Waache kwanza.