Saa Kumi ya Mama Mizizi

Nina miaka sabini na mitatu. Hapa kwenye bustani ya taasisi nimeona wakurugenzi watano wakija na kuondoka, mabanda mawili ya vioo yakichakaa mpaka kubomolewa, na daktari aliyenikataza kubeba ndoo nilimzika mimi. Kwa hiyo wa kumwandika anayestaafu ni mimi. Wengine wamesoma mno, watawachosha. Karani anayepiga chapa nimemkataza kugusa neno.

Mama Mizizi anaondoka Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha hadubini. Jina hilo nilimpa mimi, likashika. Kazi yake ilikuwa kujua nani anaiambia seli ya mmea sasa jigawe, sasa tulia. Alinieleza kuwa seli hurithi maagizo, ndiyo hizo jeni, na mojawapo alidhani ni breki. Akapanda vitunguu vizima na vingine vyenye jeni hiyo mbovu, alinganishe ncha za mizizi. Kukata ncha na kuzitia kwenye chupa za dawa ya kuzigandisha kama zilivyo saa hiyo ilikuwa kazi yangu, na mkono kama wangu hamjaupata tena.

Mwaka mmoja bodi ikasema alete jibu au chumba kifungwe. Akabandika ratiba ukutani: kata saa 10. Nikakata saa kumi, jua likianza kupoa. Kumbe alikusudia saa nne asubuhi, kwa hesabu ya mashine zao. Ukiandika kumi mimi nasoma kumi, mpaka leo.

Majibu yakatoka mazuri ajabu. Seli za vitunguu vizima zimetulia, za vibovu zinajigawa tu. Breki imeonekana, ripoti ikaandikwa. Wiki moja kabla ya kikao cha bodi akaja bandani saa nne, akanikuta na chai.

“Kaka, mbona hukati?”

“Dada, saa kumi bado.”

Akakaa juu ya ndoo. Wenzake wakamshauri anyamaze, nani atajua? Yeye akaniambia nikate upya asubuhi, siku sita. Asubuhi vizima na vibovu vilijigawa sawasawa, breki hakuna. Akaichana ripoti, akaandika ya pili yenye saa zote mbili, akasimama mbele ya bodi akasema saa ilikosewa na aliyeshindwa kueleza ni yeye. Mimi hakunitaja. Ningekuwa yeye ningenitaja.

Bodi ikatoka nje, ikarudi, ikampa mwaka mmoja achunguze breki inayojua saa. Huo mwaka ndio uliozaa hii mingine kumi na tisa.

Dada, ahsante. Nenda kapumzike, ulale mpaka saa utakayo, na afya ikufuate.

Anayesema natia chumvi amuulize fundi wa hadubini, alikuwepo. Au afungue ripoti ya pili, ukurasa wa kumi na moja: wameandika “mtunza bustani” bila jina, na bustani hii haijapata kuwa na mtunzaji mwingine.