Mwendo wa Mwenye Mzigo: Maisha ya Wendelini Emiliani Mbano

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, majirani wa Mshangano, walimu, wanakwaya, na nyinyi mliosafiri tangu jana kutoka Nakapanya ili kuja kumzika rafiki yenu, familia ya Mzee Emiliani Mbano inawasomea maisha ya kijana wake, ambayo mwongozaji wa ratiba ameyapangia dakika nane, na familia imekubali kwa adabu zote, ingawa marehemu mwenyewe hakuwahi kumaliza jambo lolote kwa dakika nane, na wanaomfahamu wanajua kwamba hapa hatumsengenyi.

Marehemu Wendelini Emiliani Mbano alizaliwa Jumapili, tarehe 12 Oktoba 1980, katika kijiji cha Hanga, wilaya ambayo leo ni Namtumbo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Emiliani Mbano na Mama Severina Luambano, wakulima wa mahindi na tumbaku. Utoto wake mwingi aliupitisha kwa babu yake, Mzee Ignas Mbano, ambaye mwaka 1946 alikwenda Tanga kukata mkonge, akitembea kwa miguu siku ishirini na sita hadi kulikofika reli, na baada ya miaka mitatu akarudi kwa njia ileile. Mzee huyo alipenda kusimulia, alisimulia safari ya kwenda mto kwa mto, alisimulia mkonge na miiba yake na manyapara wake, lakini kila alipofika kwenye kurudi alinyamaza, akaomba maji ya kunywa, au akaanza kuuliza kama mbuzi wamefungwa, na Wendelini alikua akiijua hadithi ile hadi katikati tu, na babu akafariki bila kuimalizia.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha sekondari ya bweni kuanzia 1995 hadi 1998, na huko ndiko alikopata, pamoja na cheti chake kizuri cha hisabati, ugonjwa wake wa pili baada ya hadithi za babu, yaani muziki. Fundi seremala mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo aliacha kanda tatu za roki nzito, ile ya magitaa yanayonguruma ambayo wenyewe huiita metali, nyimbo za dakika kumi hadi kumi na tano zenye vita na wafalme na bahari, na Wendelini, ambaye hakuelewa neno hata moja, alielewa kwamba hapa kuna mtu anasimulia hadithi na hana haraka, kama babu. Aliendelea na kidato cha tano na cha sita hadi mwaka 2001, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 2003.

Aliajiriwa tarehe 2 Februari 2004 kuwa mwalimu wa hisabati, akahamishiwa Songea mjini mwaka 2006, akajenga hapa Mshangano, na tangu mwaka huo hadi 2019 alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango hiki, ambako alirefusha nyimbo za matoleo mpaka Padre aliyekuwepo wakati ule akawa anakohoa altareni, si kwa mafua. Tarehe 9 Juni 2007 alifunga ndoa takatifu na Otilia Haule, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Careen aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2008, na Lightness aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 2013.

Mwaka 2008 alikutana na Daimu Saleh, fundi wa kuchomelea mageti, mtoto wa mkulima wa korosho wa Nakapanya, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea nyundo kiasi kwamba alipokaa nyuma ya ngoma ilikuwa kazi ileile, na wao pamoja na wenzao wawili wakaunda bendi waliyoiita Matogoro, wakifanya mazoezi katika chumba cha uani kila Jumamosi mchana. Majirani waliita chumba kile mashine ya kusaga, na Mama Aurelia, ambaye hatakasirika tukimtaja, siku moja alifika kweli na debe lake la mahindi kichwani, akakaa kwenye benchi akisubiri foleni, na Wendelini hakuwa na moyo wa kumwambia, akamtuma Daimu alipeleke debe hilo mashineni na kulirudisha likiwa unga.

Sasa ndugu waombolezaji, mtu huyu alifanya mengi, lakini jambo moja lilimnyima raha, na mkewe anasema tusilifiche. Alitaka kutunga wimbo wa safari ya babu yake, wote, kwenda na mkonge na kurudi, ukae na watoto wake baada ya yeye kuondoka, na aliuanza mwaka 2009 akiwa na uhakika wote wa mwalimu wa hisabati. Alisema siku ishirini na sita za kutembea ni dakika ishirini na sita za wimbo, akazijaza dakika hizo kwa gitaa, akamketisha Otilia asikilize, na Otilia, aliyekuwa ametoka shamba kupalilia, alimwambia baadaye kwamba babu alikuwa mtu mzuri lakini yeye, Otilia, alilala siku ya kumi na moja. Wendelini alinuna wiki nzima, kisha akakubali kwamba wimbo hauwi mrefu kwa sababu ya dakika, unakuwa mrefu pale msikilizaji anapoacha kungoja kitu, na kwamba yeye alikuwa amepima barabara akasahau anayetembea.

Septemba mwaka 2011 yalitangazwa mashindano ya bendi hapa mjini, kila bendi dakika saba, na wimbo wakati huo ulikuwa umebaki dakika kumi na tisa. Wenzake walimshauri apunguze beti, naye akakataa kumkata babu vipande, akapiga hesabu, akaona kwamba wakiongeza kasi karibu mara tatu wimbo wote utaingia, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa, tatizo ni kwamba haikuwa na akili. Walipanda jukwaani, Daimu akapiga hadi jasho likamwingia machoni, wakamaliza kwa dakika sita na sekunde hamsini, na ukumbi ulicheka, haukucheka kwa ubaya, ulicheka kama mnavyocheka sasa, lakini Wendelini alishuka akiwa amelowa aibu, kwa sababu aliona amemfanya babu yake akimbie kama mwizi wa kuku.

Katika ukumbi ule alikuwepo Mzee Polikarp, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyekwenda Tanga katika msafara uleule wa mwaka 1946, naye hakucheka. Alimwita Wendelini pembeni, akapokea shikamoo yake, akamwambia, "Mjukuu wangu, mwenye mzigo hakimbii, sisi tulikuwa tunatembea, mmoja akikatikiwa na kamba ya kiatu wote tunasimama, tunamngoja, halafu tunaanza tena." Wendelini aliyachukua maneno hayo kama mtu aliyepewa dawa. Desemba ya mwaka huo, shule zilipofungwa, alijitwisha nusu gunia la mahindi akatembea kutoka Hanga hadi hapa Mshangano kwa siku mbili, akihesabu hatua zake kwa saa ya mkononi, akaandika kwenye daftari kwamba asubuhi mtu mwenye mzigo huenda hatua tisini kwa dakika, jioni sabini na nane, na kwamba baada ya kila mapumziko hatua za kwanza ni nzito kuliko za mwisho kabla ya kupumzika. Daftari hilo lipo, na nguo zake za siku ile Otilia alizitupa.

Tangu hapo sehemu ya kwenda na sehemu ya mkonge zilikaa sawa, gitaa likaanza kwa mwendo wa asubuhi na kushuka taratibu hadi wa jioni bila msikilizaji kujua ni lini, na katikati ukawekwa ukimya wa kumngoja mwenye kiatu, ukimya ambao watu wengi walipousikia walidhani umeme umekatika. Lakini kurudi kulimshinda. Daimu alitaka kurudi kwa kasi, ngoma mbili za miguuni kwa pamoja, gitaa juu kabisa, kwa sababu ndivyo metali inavyomaliza hadithi, shujaa anafika na watu wanapiga vigelegele, na walijaribu hivyo mara nyingi, na kila mara Wendelini alizima spika akasema huyo si babu. Aliwauliza wazee wote wa kiume wa Hanga waliowahi kwenda mkonge, akamuuliza tena na tena Mzee Polikarp mpaka mzee huyo alipofariki mwaka 2016, na jibu lake lilikuwa moja tu, kwamba hilo utalijua siku utakayorudi kutoka mahali. Miaka ikapita, bendi ikapungua, wakabaki yeye na Daimu, na wimbo ukabaki bila mwisho.

Agosti mwaka 2023 Wendelini alianza kuumwa tumbo, akapimwa hapa Songea, akapewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, ambako iligundulika kwamba ana saratani ya utumbo, akafanyiwa upasuaji Oktoba mwaka huo, akaendelea na matibabu kwa vipindi, na mapema mwaka huu madaktari walimwambia kwa upole na bila kumzungusha kwamba sasa arudi kwa watu wake. Aliporudi, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, jirani alimpokea stendi kwa gari, na walipoingia Mshangano Wendelini alimwomba apunguze mwendo, akamwomba tena, kisha akamwomba asimame kabisa, akashuka, akamshika Otilia bega, akatembea hatua za mwisho kwa miguu kwenye matope, na kadiri alivyoiona nyumba ndivyo alivyozidi kwenda polepole, mpaka Otilia akadhani nguvu zimemwisha. Hazikuwa zimemwisha. Alimwambia mkewe kwamba anaogopa kufika, kwa sababu akishafika watoto wataona jinsi alivyo, na hapo ndipo alipojua kwamba anayerudi hakimbii.

Jumapili yake Mama Severina alikuja kutoka Hanga kumwangalia, akakaa kitandani kwake akichambua maharage, na Wendelini kwa mara ya kwanza alimuuliza mama yake kuhusu babu. Mama akamjibu, bila hata kuinua macho kwenye ungo, kwamba hilo alisimuliwa na mama mkwe wake zamani, kwamba Mzee Ignas alipouona moshi wa kijiji alikaa kwenye mpaka wa shamba tangu mchana hadi jioni, kwa kuwa kwa miaka mitatu hakuna aliyempelekea habari na hakujua ni nani atakayemkuta, na alipoingia uani hatimaye akakuta mama yake amekwisha kufa mwaka mmoja nyuma. Wendelini akamuuliza kwa nini hakumwambia siku zote hizo, naye akasema, "Wewe uliwauliza wababa." Miaka kumi na sita alikuwa ameutafuta mwisho wa wimbo kwenye nyumba za watu, na mwisho ulikuwa unampikia ugali, na alicheka siku ile mpaka mshono ukamuuma, halafu akalia, na mama yake akaweka ungo chini akamshika.

Alifanya kazi wiki kumi. Alipokuwa hawezi kushika gitaa alimwimbia Daimu kwa mdomo, na Daimu, ambaye alikuwa na kazi zake za mageti na safari ndefu ya kwenda kwao, alikuja kila Jumamosi. Sehemu ya kurudi ikawa inapunguza mwendo badala ya kuuongeza, hatua tisini, sabini na nane, sitini, na vyombo vinaondoka kimoja kimoja, na dakika nne za gitaa ambazo Wendelini alizipenda kuliko zote alizokwisha kupiga alizifuta mwenyewe, akisema mtu anayeogopa kufika hajigambi. Walirekodi Jumamosi tarehe 31 Mei 2025, katika chumba kilekile cha uani, Careen akaimba, na wimbo ukawa dakika ishirini na moja na sekunde arobaini, na Otilia aliusikiliza wote macho makavu, kisha akaomba uanze upya. Wendelini alimtazama akashusha pumzi, na Careen anasema hajawahi kumwona baba yake akiwa hana la kusahihisha.

Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kupokea sakramenti, Wendelini alifariki dunia akiwa na miaka arobaini na minne, ameacha mjane, mabinti wawili, wazazi wote wawili, ndugu watano, na wimbo mmoja uliokwisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Songea na Dar es Salaam waliomhudumia na kumwambia ukweli, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake kwa karibu miaka miwili bila kunung'unika, wanakwaya, Baba Padre, majirani wa Mshangano mliovumilia mashine ile ya kusaga, na ndugu zetu Waislamu wa Nakapanya mliotuletea dua zenu. Kwako Daimu, familia haina neno linalotosha, na Mama Severina ametuagiza tuseme kwamba kuanzia leo una mama Hanga.

Ombi la mwisho ni kwa vijana watakaobeba jeneza. Makaburi si mbali, baridi ni kali, na tunajua desturi yetu ya kupokezana mabega tukikimbilia kumaliza, lakini leo tunawaomba msikimbie, Daimu atatangulia na ngoma moja, mfuateni yeye, na yeyote akichoka wote msimame, mumngoje, halafu muanze tena, na Daimu atakapopunguza mwendo karibu na kaburi msidhani amekosea.

Wendelini, baba Careen, leo hakuna anayekuharakisha. Pumzika kwa amani.