Betri Kwenye Kichanja cha Kahawa

Kijiwe chetu hapa Mbinga ni benchi moja, jiko la mkaa na birika la Ignatio. Kahawa tunalima wenyewe, bei wanapanga wanunuzi binafsi, sisi tumebaki kupanga maneno. Mimi wananiita Msomi, na hilo ni tusi: nina digrii ya fizikia na serikali imefunga ajira. Ijumaa ile niliweka kwenye benchi betri ya kuchaji ya kigari changu cha rimoti, zawadi ya mwalimu wangu mzungu alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa imevimba, inatoa unga mweupe. Nilipokwenda Songea kusaka kazi, mama aliona imezima, akaifanyia kama tunavyozifanyia betri za redio zikichoka: akaianika. Siku nne juani, kwenye kichanja, katikati ya kahawa.

— Itapona, fundi?

Emilian, tunayemwita Bisibisi kwa kuwa hana kifaa kingine, aliinusa kwanza.

— Mchumia juani hulia kivulini. Hii imeshachuma vya kutosha. Iweke chini ya mtungi wiki nzima, ile kivulini.

Mzee Joakim, Waziri wa kijiwe, alisema mtungi haufui dafu kwa betri ya soko huria. Zamani kitu kilipitia serikalini, kikafundishwa kazi. Hivi vimekuja vyenyewe na vinaondoka vyenyewe. Bisibisi akajibu kwamba betri ya kuchaji ina kumbukumbu: ukiizoesha nusu, inakumbuka nusu.

— Basi inakumbuka kwao, akasema Waziri. — Imezaliwa kwenye barafu hiyo. Ipeleke milimani, ilale na mbegu za viazi.

Ignatio akamimina, akasema roho iko kwenye rimoti, betri ni tumbo tu. Tumbo likigoma, lipewe chumvi.

Total nonsense. Miaka mitatu ya chuo kikuu, na bado nilitega sikio, maana nilikuwa naihitaji ile betri. Ikiwaka, nitashuka nayo Lundo, ziwani, kwa mama mdogo aliko mama, nikiendeshe kigari uani, mama akione, yaishe bila mimi kufungua mdomo. Mdomo nilishaufungua siku niliyorudi.

— Mama, hukusoma. Usiguse vitu vya waliosoma.

Alikuwa anachambua kahawa. Alinawa mikono, akajifunga kitenge, akapanda lori la kushuka ziwani. Sasa ni wiki ya tatu.

Waziri alikuwa ameanza kueleza jinsi ya kuichemsha na majivu alipofika Tumpe, karani mgeni wa halmashauri kutoka Tukuyu, na chupa yake ya kununulia kahawa ya ofisini. Alitusalimu shikamooni, akasikiliza kidogo huku Ignatio akimjazia.

— Samahani, kaka. Ulipoondoka kwenda Songea, ulimwambia mama aiweke wapi?

Bisibisi akanitazama. Waziri akaona kikombe chake kina jambo la kutazamwa.

Kigari kilikuja na karatasi ya maelekezo. Remove the battery. Store in a cool, dry place. Itoe betri, iweke pakavu pasipo joto. Nilishaisoma mara mbili, kimyakimya, mama akiwa amekaa pembeni yangu ananikaangia mahindi.

Nyumbani tulikuwa wawili, na Kiingereza alikijua mmoja.