Mwalimu Chediel Msengi, Aliyemtoa Mfalme Jukwaani

Kwa barua ya tarehe 14 Februari 1992, ofisi ya elimu ilitamka kwamba mhusika mkuu wa tamthiliya ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada. Kwamba jambo hilo halina mjadala. Na kwamba Mwalimu Chediel Msengi, kuanzia siku hiyo, hatafundisha tamthiliya katika darasa lolote, bali atasimamia shamba la vitunguu la shule. Barua hiyo haijafutwa hadi leo. Familia inaiheshimu, na ndiyo maana imeona itajwe kwanza, waombolezaji wakiwa bado hawajachoka na jua.

Marehemu Mwalimu Chediel Kiula Msengi alizaliwa hapa Kinyangiri tarehe 3 Juni 1944, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kiula Msengi na Mama Naomi. Cheti cha ubatizo kinasema alizaliwa tarehe 5. Mama yake alisema tarehe 3, na kati ya mama na cheti, aliyekuwepo ni mama. Alichunga mbuzi kama watoto wote wa hapa, ila yeye alirudi jioni na taarifa. Siku moja mbuzi walikula mtama wa jirani, Mzee Kiula akashika fimbo akamwendea beberu. Mtoto akasema, "Baba, beberu amefuata tu. Aliyeanza ni yule jike mwenye kovu sikioni." Kesho yake mzee alijificha shambani kuchunguza, akaona ni kweli. Beberu hakuombwa radhi.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1953 na kuingia shule ya kati mwaka 1957. Huko ndiko alikokutana na tamthiliya, katika mchezo wa kufunga shule ambamo alipewa nafasi ya maiti. Alilala chini ya shuka dakika arobaini. Wenzake walimcheka, lakini yeye alisema siku zote kwamba hiyo ndiyo nafasi bora aliyowahi kupata, kwa kuwa wengine walikuwa na maneno ya kukumbuka, na maiti peke yake ndiye aliyepata muda wa kuufuatilia mchezo. Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1965, na mwaka 1976 akapata stashahada ya Kiswahili.

Tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Eliana, binti wa Mzee Philipo. Ndoa hii ilikaribia kuvunjika kabla ya kufungwa. Kabla ya kumtuma mshenga wake, Bwana Anselm, marehemu aliona vyema amwandikie uchambuzi wa baba mkwe kwenye karatasi moja, ili mjumbe asiende gizani. Bwana Anselm aliiweka karatasi hiyo mfukoni mwa koti, na koti akalisahau ukweni. Kwa kuwa Mzee Philipo hakusoma, alimwita binti yake amsomee.

"Imeandikwa baba ni mhusika bapa," akasema Eliana.

"Bapa ndiyo nini?"

"Ni mtu asiyebadilika, baba. Alivyo mwanzo ndivyo alivyo mwisho."

"Mwalimu huyo ana akili," akasema Mzee Philipo. "Mwambie ng'ombe ni kumi na wawili, na sibadiliki."

Mama Eliana anasema kabla ya karatasi ile mzee alikuwa ameshashuka hadi tisa. Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa, marehemu alimchambua kila mtu aliyeingia nyumbani, mchungaji wetu akiwemo. Mkewe peke yake marehemu hakumchambua. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mwalimu mwenye busara hagusi kitabu ambacho hajakimaliza.

Alifundisha shule mbalimbali za Iramba, na mwaka 1988 akahamishiwa sekondari mpya iliyojengwa kwa nguvu za wananchi, maeneo ya Ihanja. Zile zilikuwa nyakati za mageuzi. Mitumba ilikuwa imefika, redio za kila aina zilikuwa zimefika, na stendi ya Singida Mjini ukiuza maandazi unaitwa mwekezaji. Vitabu havikuwa vimefika. Darasa zima la kidato cha nne lilikuwa na nakala mbili za tamthiliya moja ya zamani, inayomhusu mfalme anayekataa kushuka kitini. Mfalme huyo yuko kwenye jalada, na hotuba zake zinajaza nusu ya kitabu. Yumo pia mwanamke mmoja anayeitwa Mpishi tu. Huyu anaingia na chungu, anasema maneno mawili matatu, anatoka.

Njia ya marehemu ya kufundisha ilikuwa moja, nayo ni ya mtu aliyechunga. Aliwaambia wanafunzi, "Msihesabu maneno. Mtoeni mtu, halafu mtazame kama mchezo unatembea." Darasa la mwaka 1991 lilimtoa mfalme na mchezo ukatembea. Walipomtoa Mpishi ukakaa chini. Kwa hiyo kwenye mtihani wa taifa walipoulizwa mhusika mkuu, wote waliandika Mpishi, na wote wakakosa swali hilo. Wazazi walikuja shuleni. Darasa lililofuata lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, ambao Novemba wangefanya mtihani huohuo, na mwalimu wao alikuwa mmoja. Swali likawa kama aendelee nao au aondolewe.

Marehemu aliomba jambo moja tu: kabla ya kuhukumiwa, mchezo uchezwe watu waone. Ukachezwa Jumamosi tarehe 8 Februari 1992 kwenye bwalo la shule, mbele ya wazazi, mkuu wa shule Mwalimu Antipasi, na mgeni rasmi, Bwana Melkizedeki kutoka ofisi ya elimu, aliyekalishwa kwenye kiti pekee chenye mito.

Mara ya kwanza ulichezwa bila mfalme. Kiti chake kiliwekwa katikati, kitupu. Wahusika waliingia, wakainama mbele ya kiti, wakasubiri kidogo kwa heshima, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mpishi alileta habari ya vita, mawaziri wakakimbia, ufalme ukaanguka saa nane na dakika hamsini, watu wakapiga makofi. Mzee Mathayo wa kamati ya wazazi alimgeukia jirani yake akasema, "Mfalme huyu nimempenda. Si mtu wa maneno mengi."

Mara ya pili mfalme alirudishwa, akaondolewa Mpishi. Mfalme alihutubia. Mawaziri walimsikiliza. Habari ya vita haikufika, kwa sababu aliyepaswa kuileta hakuwepo. Mfalme alimaliza hotuba zote za onyesho la kwanza, akatazama mlangoni, akazianza upya.

"Hawa wanakaa tu?" aliuliza Mzee Mathayo.

"Wanasubiri, mzee," akajibiwa.

"Wanasubiri nani?"

"Chakula."

Baada ya robo saa Bwana Melkizedeki aliinua mkono mchezo ukasimama, ingawa hata kabla ya hapo ulikuwa umesimama.

"Mwalimu," akasema, "hapa unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu, mheshimiwa. Nimetoa mtu mmoja mmoja tu, mara mbili."

"Na kile kiti kitupu?"

"Kile ni cha maabara. Tumekiazima."

Tukumbuke kwamba mwezi ule nchi nzima ilikuwa inajadili idadi ya vyama vya siasa, na kiti kitupu hakikuwa kitu cha kuonyesha mbele ya mtu anayetegemea kiti. Bwana Melkizedeki alikula wali, akashukuru kwa mapokezi, akaondoka. Siku sita baadaye ikaja barua.

Mama Eliana anasema marehemu aliisoma mara tatu. Alitafuta jembe, akalikuta halina mpini, akakaa nalo mapajani. Alichosema jioni ile ni hiki: "Vitunguu nitavijua. Lakini wale thelathini na mmoja nimewafikisha katikati ya onyesho la pili, nani atawatoa?"

Aliyepewa kuwatoa alikuwa Mwalimu Bonifasi, wa jiografia, kijana mwadilifu ambaye hakuwahi kusoma tamthiliya. Alifundisha wiki moja. Kwenye ramani aliyochora ubaoni ikulu ya mfalme ilikuwa na mvua za wastani. Jumatatu ya pili alishuka bondeni kwenye shamba la shule.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuona vitunguu?"

"Nimekuja kuuliza. Kuna kitu kinaitwa dhamira. Naitafuta ukurasa wa ngapi?"

Marehemu aliweka jembe chini. "Hao watoto wako wapi sasa?"

"Nimewaacha darasani wanakili ramani."

"Walete wapalilie," akasema marehemu. "Barua imenikataza darasa. Haijanikataza palizi."

Hivyo ndivyo vipindi vya Kiswahili vilivyoingia kwenye ratiba kwa jina la kazi za shamba. Kila tuta lilikuwa onyesho. Mwanafunzi aling'oa magugu huku akieleza kwa nini waziri wa pili anasema uongo, na kama maelezo hayakuridhisha, alirudia tuta. Magugu ya shamba lile yalichambuliwa kwa undani, na vitunguu vingi vikang'olewa pamoja nayo. Mwalimu Antipasi alikuwa akipita juu ya kingo za bonde mikono nyuma, anaangalia mawingu. Kuhusu mhusika mkuu, marehemu aliwafundisha majibu mawili, la mtihani na la kweli, akawataka wasiyachanganye mbele ya msahihishaji. Novemba wote thelathini na mmoja walifanya mtihani, na wote walifaulu Kiswahili. Mkaguzi alipokuja mwaka uliofuata aliandika: "Kilimo kimeshuka. Kiswahili kimepanda. Sababu ya yote mawili ni hali ya hewa." Mwalimu Bonifasi alipata cheti cha mwalimu bora. Alikileta bondeni siku hiyohiyo, marehemu akamwambia akakitundike kwake, kwa kuwa ukutani kwa marehemu kulikuwa na unyevu.

Marehemu alistaafu mwaka 1999 kwa utumishi mwema katika kilimo, kama hati yake inavyoeleza. Alibaki Ihanja, akiendelea kushuka bondeni kwa hiari kila wanafunzi walipoletwa kupalilia.

Mwaka 2002 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa Singida Mjini mara tatu. Daktari kijana alipomweleza hali yake, marehemu aliuliza, "Hili ni onyesho la ngapi, daktari?"

"Sijakuelewa, mzee."

"La mwisho, au la kabla ya mwisho?"

Daktari alifikiri. "La kabla ya mwisho."

"Vizuri. Hapo ndipo watu husema kweli." Akamwomba amruhusu arudi nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa kweli kwamba hakuna kilichobaki cha kufanya, aliruhusiwa. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2003, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Mama Eliana anasema hakutoa hotuba. Aliuliza kama kuku wamefunguliwa.

Ameacha mjane, Mama Eliana, watoto wanne, Peniel, Scola, Leonidas na Emiliana, wajukuu tisa, ndugu watatu, na nakala mbili za tamthiliya moja, zilizoshonwa kwa uzi wa gunia. Familia inawashukuru wauguzi, majirani wa Ihanja na Kinyangiri, na Bwana Melkizedeki, ambaye amestaafu na ameleta rambirambi zake kwa mkono wake mwenyewe. Mungu ampokee mtumishi wake, na udongo wa kwao uwe mwepesi juu yake.

Mwisho ni tangazo. Wanafunzi thelathini na wanne wa kidato cha nne, waliosimama pale nyuma na Mwalimu Bonifasi, wataondoka na lori mara baada ya maombi, kwani ruhusa yao inaishia saa kumi na mbili jioni. Ruhusa hiyo imesainiwa na shule kwa ajili ya kupalilia vitunguu. Shule haijapanda vitunguu tangu mwaka 1998.