Ndoto za Thadeo

Lori lilikuwa limetoka Bunda kwenda Musoma, na Mwanaupe amekalia debe lake la mafuta ya magendo, kanga imelifunika. Mwaka ule wa msako wa walanguzi, abiria wenye adabu hawakuulizana wamekalia nini.

"Thadeo wa Bugwema hakufundishwa kuchora na mtu," alikuwa akisema mzee mmoja mvuvi. "Anaoteshwaga. Akiamka anachukua masizi, majivu na udongo mwekundu, anachora ukutani kwake alichokiona."

"Anaoteshwa au anachungulia madirishani?" Gati, muuza dagaa, alimkatiza. "Alichora gunia la sukari chini ya kitanda cha shemeji yangu. Wiki haijaisha, mgambo hao, moja kwa moja mpaka kitandani!"

"Mama, zile ni ndoto."

"Ndoto gani inayojua uvungu wa watu?"

Mwanaupe alishindwa kujizuia. "Na siku hizi anachora nini, baba?"

"Mwanamke ndani ya lori, amekalia debe. Uso tu ndio bado."

Lori likapunguza mwendo. Mbele, mgambo walikuwa wamelaza gogo barabarani. Gati hakulitazama gogo. Alikuwa anaitazama kanga ya Mwanaupe.