Ganda la Chaza Ndani ya Nguzo

Kwenye feri ya kwenda Kadıköy, mtaa wa Istanbul, Nurten alikuwa akimbembeleza mwanawe, lakini masikio yake yalikuwa benchi la mbele, maana jengo lao nalo lilikuwa likingoja saini yake tu libomolewe.

Bibi mmoja alimtolea abiria wa pembeni ganda la chaza mkobani. "Mhandisi wa jiji katoboa nguzo yetu, kakuta hili ndani ya zege. Kumbe mchanga waliuchota ufukweni, na chumvi yake inakula vyuma! Marehemu mume wangu aliniahidi nyumba yenye bahari. Haya, bahari imo ukutani."

"Basi saini, mama. Ukibomoa na kujenga upya, jiji linakupa ruzuku. Tetemeko halipigi hodi."

"Wewe ulisaini?"

"Huu mwaka wa tatu. Walibomoa kwa siku mbili, hodari kwelikweli. Wa kujenga ndio tunaowatafuta."

"Kumbe umepanga chumba kwa watu, halafu unanihubiria!"

"Shimo walilotuachia limejaa maji, mama. Bata wameshahamia, na hakuna aliyewaomba saini."

Bibi alicheka hadi chai aliyoishika ikamwagika. "Niache na chaza wangu, mwanangu."

Nurten alitamani mmoja wao ashinde, ili naye ajue la kufanya.

Mara feri ikagonga gati. Wote wakainua macho kutazama kama taa inayumba, kama wafanyavyo watu wa Istanbul wakihisi tetemeko. Lilikuwa gati tu. Bibi akarudisha ganda mkobani. Nurten akagundua kuwa kiganja chake kilikuwa kimeshafunika kichwa cha mtoto.